Kiwaya cha Wifi Ardis

Wifi yangu Ardis Skogen alikuwa na kiwaya kimoja alichokipenda kuliko watu wengi wa bonde letu, na mimi nikiwa mmoja wa hao wengi. Ilikuwa klipu ya karatasi aliyoinyoosha mwenyewe, akaipinda ncha kidogo tu, akainoa kwa tupa mpaka ikawa kali. Ukikigusa, alikuuliza kama mikono yako ni misafi. Ukikihamisha mahali pake, hakukuuliza kitu, alikununia siku mbili.

Nimeishi ng'ambo ya barabara kutoka kwake miaka thelathini na nane, tangu nilipoolewa na mdogo wake, Lyle. Sitadanganya kwamba tulipendana. Krismasi yangu ya kwanza hapa alizitazama lefse zangu, zile chapati za viazi ambazo mama mkwe alikuwa amenifundisha kwa wiki nzima, akasema zingefaa kuzibia paa la ghala. Watu wakacheka, Lyle naye akacheka, nikaenda kulia kwenye banda la ndama. Tangu siku hiyo tumekuwa majirani wazuri wa kuazimana sukari na kurudishiana maneno.

Lakini kwa habari ya mikono yake sikuwa na la kusema. Ng'ombe akikwama kuzaa, hatukumwita daktari wa mifugo kwanza, tulimwita Ardis. Alivua koti, akapaka sabuni mpaka begani, akaingiza mkono na kufumba macho. "Miguu ya nyuma inatangulia," alisema, au "Kichwa kimegeukia kushoto," na ndivyo ilivyokuwa. Mume wake Orrin, kabla hajafariki, alikuwa akituambia kwamba mkewe anaweza kupapasa noti gizani akajua ni ya ngapi. Ardis hakukanusha.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyoiweka hai bunduki ya baba yao. Ni bunduki ya zamani, ya kukokiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini yake, na risasi zake hazitengenezwi tena. Kila unapopiga, unaokota ganda tupu la shaba kwenye theluji unalitia mfukoni ili lijazwe tena baruti na risasi, maana ukilipoteza hilo hupati jingine. Lyle alimletea dada yake maganda kila mwisho wa msimu wa kuwinda, meusi kwa moshi, ndani ya soksi. Yeye aliyang'oa fataki za kitakoni zilizokwisha kulipuka, akayatia kwenye pipa dogo linalozunguka na punje za magunzi ya mahindi, akaliacha lingurume mchana kutwa mpaka yang'ae. Kisha aliyapaka mafuta kidogo kwa vidole, moja moja, akayasukuma kwenye mashine ya mkono iliyofungwa mezani ili yarudi kipimo chake, akayakata midomo iliyorefuka na kuikwangua kingo.

Halafu kikaja kile kiwaya. Bunduki ya aina ile huyavuta maganda kila inapopigwa, na shaba huanza kuchoka kwa ndani, juu kidogo ya kitako, mahali ambapo jicho halifiki. Hapo hutokea mfereji mwembamba unaozunguka. Ardis alikitumbukiza kiwaya mpaka chini, akakivuta juu taratibu huku akikiegemeza ukutani, macho kafumba. Ganda zima, kiwaya kilipanda bila shida. Ganda lililochoka, kilikwama kidogo, kiasi cha kucha kukwama kwenye uzi wa soksi. Akilisikia hilo, alichukua koleo akaliminya ganda mdomo papo hapo, ili mtu yeyote asije akalionea huruma kesho, akalitupa kwenye kopo la kahawa chini ya meza. Niliwahi kumwona akilitupa ganda lililokuwa zuri kabisa machoni pangu. Nikamwambia, "Wifi, unatupa mali." Akanijibu, "Natupa ganda. Mali ni jicho la mume wako."

Lyle ana jicho moja. La kushoto lilikwenda akiwa na miaka ishirini na sita, msumari wa uzio uliporuka kutoka kwenye nguzo. La kulia ndilo analolengea, ndilo analoendeshea trekta, ndilo analonitafutia mimi kwenye umati wa mnada wa ng'ombe. Ganda likikatika ndani ya bunduki, moto na vipande vya shaba hurudi nyuma usoni. Miwani ya kinga tumemnunulia mara tatu. Anasema inashika ukungu.

Majira ya baridi ya mwaka juzi Ardis alipata saratani. Alitibiwa mjini Great Falls, miezi mitano ya dawa za mshipani, nikampeleka mimi kila mara kwa sababu barabara ilikuwa barafu na yeye aligoma kubebwa na mtu wa kanisa. Alipona. Nywele zilirudi nyeupe zaidi, ulimi ukarudi vilevile. Nilipomuuliza kama dawa zimemwachia lolote, alisema zimemwachia wifi yuleyule.

Sasa nije kwenye Jumamosi ya kufungua msimu, mwaka jana. Lyle alikuwa amepanda mlimani tangu Ijumaa mchana, peke yake, na bunduki ya baba yake na risasi ishirini alizotengenezewa na dada yake. Mimi nilivuka barabara saa moja na nusu asubuhi kurudisha sufuria. Ardis alikuwa jikoni na viazi ndani ya jiko. Tukawa tunateta juu ya mchungaji mpya. Akafungua mlango wa jiko, akaingiza mkono mtupu, akakamata mpini wa kikaango cha chuma, akakitoa.

Nilisikia harufu kabla sijaelewa. "Ardis! Mkono!"

"Mkono umefanyaje?"

Alikuwa bado amekishika. Akautazama mkono kwanza, kisha ndipo akakiachia kikaango juu ya meza. Ngozi ya vidole ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe. Nikamvuta mpaka kwenye bomba nikafungulia maji ya baridi. Hakuguna. Alisimama ananiangalia, na mimi nikamwangalia yeye, na hapo nikaogopa, maana Ardis hajawahi kukosa neno mbele yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe, wifi. Vidole."

"Ganzi kidogo tu. Inakuja na kuondoka."

"Inaondoka saa ngapi?"

Alifunga bomba mwenyewe. "Una kelele sana asubuhi, Nadine."

Ningeweza kuishia hapo, nimfunge kitambaa, nirudi nyumbani, nije nimsimulie Lyle akishuka mlimani. Lakini nilikikumbuka kile kiwaya. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda chake cha kazi, naye akanifuata akinikataza, taulo mkononi. Nikainama chini ya meza nikalivuta kopo la kahawa. Juu ya maganda yaliyominywa midomo kulikuwa na vumbi, na utando wa buibui umetandwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Mwaka huu umetupa mangapi?"

"Hakuna. Yalikuwa mazuri."

"Na kabla hujaugua?"

"Kumi na moja."

"Bunduki ileile. Maganda yaleyale. Yamezeeka, halafu yamepona?"

Nilisema kwa ubaya, sikatai. Nilitaka aniambie mimi ni mjinga, sijui kitu, nirudi jikoni kwangu. Ningefurahi sana kuambiwa hivyo. Badala yake Ardis alisogea mezani. Yalibaki maganda manne matupu ya kundi lile alilomtengenezea Lyle, ameyapanga wima juu ya kitambaa, yanang'aa. Akachukua moja akalibana kwenye jiliwa, akashika msumeno wa chuma kwa mkono ule ulioungua, akaanza kulipasua kwa urefu. Kazi yenyewe ilimchukua labda dakika mbili. Mimi nilisimama nasikiliza msumeno.

Nusu zikaanguka mezani. Akaichukua moja akaipeleka dirishani. Hata mimi, nisiyejua kitu, niliuona ule mstari mweusi ndani, juu kidogo ya kitako, unazunguka, na shaba iliyobaki nje yake haikuzidi unene wa karatasi.

"Hili nililipitishia waya mara tatu," alisema.

Akapasua la pili. Lilikuwa na mstari. Msumeno akauacha umening'inia kwenye la tatu.

"Washa gari," akaniambia.

Simu haishiki popote baada ya daraja la kupandia mlimani. Tulijua tutamkuta wapi, kwa sababu wanaume wa ukoo ule hukaa palepale kila mwaka, kwenye jiwe linaloitwa Kiti cha Mzee, juu ya mbuga ndogo ambako elki, wale kulungu wakubwa wa huku, hupita asubuhi kurudi msituni. Ni mwendo wa dakika arobaini kwa gari na nusu saa kwa miguu kwa mtu kijana. Mimi nina miaka sitini na minne, Ardis sabini na mmoja.

Niliendesha. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshika kwenye kokoto na gari likateleza mara mbili.

"Unaendesha kama umebeba mayai," Ardis akasema.

"Nyamaza."

"Kanyaga mafuta, Nadine."

"Nimesema nyamaza! Ulijua. Mwaka mzima umejua, ukakaa pale ukajifanya unasikia waya. Ungemwambia tu! Angeazima bunduki kwa jirani Hauge, angenunua mpya, angekaa nyumbani anywe kahawa!"

"Nilidhani vitarudi. Daktari alisema huenda vitarudi."

"Na mpaka virudi?"

Alitazama nje dirishani. "Mpaka virudi nilikuwa mtu wa nini? Niambie. Mtu wa nini?"

Nilikanyaga mafuta kwa hasira. Nilimwambia jambo moja tu, nalo nililisema polepole alisikie vizuri: lile jicho likipotea, sitavuka barabara kuja kwake mpaka mmoja wetu azikwe. Akasema, "Sawa." Akasema kana kwamba alikwisha kujihukumu vikali zaidi ya hapo.

Tulifika kwenye lango la malisho ya Hauge. Ardis akashuka akalifungua, nikapita, nikasimama nimsubiri alifunge. Huku kwetu lango huachi wazi hata kama nyumba inaungua. Ardis amewahi kumfuata mwindaji wa mjini maili sita kwa ajili ya lango moja, akamrudisha alifunge. Sasa alikuwa anapanda garini na lango linapepea nyuma yake.

"Lango," nikasema.

"Liache. Nenda!"

Hapo ndipo nilipoogopa kikweli.

Tuliliacha gari njia ilipoishia, nyuma ya la Lyle. Nilichukua chupa mbili za maji na kisanduku cha dawa, tukavaa vizibao vya rangi ya chungwa mimi na yeye ili tusipigwe risasi na mtu. Tulikuwa hatujapanda hatua mia pale mlio ulipopasuka upande wa mashariki. Nikamshika Ardis mkono.

"Si yake," alisema. "Hiyo ni ya kisasa, inalia kali. Masikio bado ninayo. Twende."

Tukapanda. Alikuwa anahema vibaya, ile dawa ilimkata pumzi pia, na kila nikigeuka ananipungia mkono niendelee. Nilimwita Lyle. Upepo ulikuwa unatujia usoni, sauti yangu ikarudi bondeni. Niliita tena mpaka koo likaniuma. Jiwe tulikuwa tumeanza kuliona juu, na mti mkavu ulio pembeni yake.

Mlio wa pili ulitoka hukohuko juu. Ulikuwa mzito, wa chini. Ulikuwa wa bunduki ya baba yao.

Lyle hupiga mara mbili. Amekuwa hivyo tangu nimjue: mnyama aanguke asianguke, huongeza ya pili, eti asiteseke. Tukasimama, tunasubiri ya pili. Nilihesabu mpaka kumi. Nikahesabu mpaka ishirini. Kunguru mmoja alilia akaacha.

"Mungu wangu," Ardis akasema, na akaanza kukimbia. Wifi yangu, mwenye miaka sabini na mmoja, alinipita kwenye ule mlima.

Lyle alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye jiwe, kofia ameibana usoni kwa mikono miwili. Bunduki ilikuwa kwenye theluji, imefunguka.

"Nani huyo?" akauliza aliposikia miguu.

"Mimi, Nadine. Na dada yako."

"Mmefuata nini huku? Mmekosa kazi nyumbani?" Halafu, kwa sauti ileile ya utani, akasema, "Sioni, Nadine."

Nikapiga magoti nikaitoa ile kofia taratibu. Uso wote ulikuwa mweusi upande wa kulia, una vitobo vidogo vya damu shavuni na kwenye nyusi, na kope limevimba likafunga kabisa. Nilimwambia asisugue. Nilijisikia nasema maneno ya busara na moyo wangu unapiga kelele. Kifuniko cha chupa kilinishinda mara mbili.

Ardis alikuwa amesimama hatua tano nyuma. Aliinama akaokota kitu kwenye theluji, kikamponyoka, akakiokota tena huku anakitazama ili ajue kimeshikika. Kilikuwa kitako cha ganda, kimekatika duara safi. Sehemu nyingine ilikuwa imebaki imekwama ndani ya bunduki.

"Njoo ushike kichwa chake," nikamwambia. Hakusogea. "Ardis! Ugomvi tutaumaliza nyumbani. Njoo ushike kichwa!"

Akaja. Akakaa kwenye theluji, akakilaza kichwa cha mdogo wake mapajani, akakishika pande mbili. Nikamimina maji polepole kwenye kona ya jicho, chupa ya kwanza yote. Maji yalitoka meusi, kisha ya waridi, kisha meupe. Lyle alitukana kwa Kinorwe cha baba yake, maneno ambayo hajui hata maana yake.

"Jaribu kufungua," nikasema.

"Inauma."

"Jaribu, mume wangu."

Kope lilifunguka kidogo. Ndani kulikuwa kwekundu kabisa. Sikujua natazama jicho zima au lililokufa. Nikafungua chupa ya pili, nikamimina tena, na hapo nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona.

"Kuna mwanga," Lyle akasema.

"Mwanga peke yake?"

"Na kitu cha rangi ya chungwa. Kinene."

"Ni dada yako huyo."

"Kweli amenenepa."

Ardis hakucheka. Aliinua mkono wake mbele ya jicho lile, karibu, vidole vitatu vimesimama. "Vingapi?"

Lyle alikodoa. Chozi likamtoka, akapepesa, akakodoa tena.

"Vitatu," alisema.

Nikalishika bega lake, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Ni mimi, Lyle," Ardis akasema. "Maganda hayakuwa mazuri. Mimi ndiye niliyeyapitisha."

"Ganda kuukuu, dada. Hutokea."

"Kwangu mimi haitokei."

Alikuwa bado ameinua vile vidole, amevisahau hewani, na Lyle alikuwa bado anavitazama kwa jicho lake jekundu, maana ndicho kitu pekee alichokuwa anakiona vizuri.

"Vina malengelenge," akasema. "Vyote vitatu. Umeungua wapi?"

"Jikoni. Leo asubuhi."

"Mbona hukukiachia hicho kitu?"

Ardis alinitazama mimi, na mimi nikaangalia pembeni, maana hili halikuwa langu kulisema.

"Sikusikia," alisema.

"Hukusikia nini?"

"Moto, Lyle. Sisikii moto. Sisikii waya. Sisikii kitu."

Lyle akaupapasa mkono wa dada yake, akaushika kwa chini asiguse malengelenge, akabonyeza kiungo cha kidole cha kati kwa kidole gumba chake.

"Hapa?"

"Hapana."

Akasogea chini kidogo. "Hapa?"

"Hapana."

Katikati ya kiganja. "Hapa je?"

Ardis alikuwa amefumba macho, vilevile alivyoyafumba kwenye ng'ombe anayezaa, vilevile alivyoyafumba juu ya kiwaya. Alitikisa kichwa. Lyle akaendelea kupanda, polepole, akibonyeza na kungoja, akibonyeza na kungoja, mpaka akafika kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga.

"Hapo," Ardis akasema. "Hapo nakusikia."

Lyle akakiacha kidole chake hapo.